runBlocking ya "kwa muda tu"

Wadogo zangu, nimekagua msimbo wenu tena, na tena nimekuta kila kitu kimerundikwa kwenye onCreate ya Application, msimbo ambao Android huuendesha programu inapoanza: hifadhidata, ramani, arifa, takwimu, vyote juu ya uzi mkuu, ule unaochora skrini na kupokea miguso. Nikiuliza, naambiwa "mbona kwangu inafunguka fasta?" Kwako! Mteja ana simu ya GB 2 iliyojaa picha za harusi.

1. Skrini ya Hz 60 inakupa kama milisekunde 16 kwa fremu. Mtu akigusa akakosa jibu kwa sekunde 5, anapata ANR, lile onyo la Android kwamba programu haijibu. Haya mnayajua, sijui hata kwa nini nayaandika.

2. Kupeleka kazi pembeni hakutoshi kama uzi mkuu unakaa kuisubiri. Hapa niliumbuka. Tulikuwa na programu ya mawakala wa malipo, na hifadhidata ilikuwa inachelewa kufunguka. Nikaihamishia Dispatchers.IO, yaani nyuzi za pembeni za Kotlin, nikatangaza kwamba tatizo limekwisha. Ila skrini ya kwanza ilitaka jina la wakala, na jina limo humohumo kwenye hifadhidata. Badala ya kuacha nafasi tupu niijaze baadaye, nikachomeka runBlocking, inayosimamisha uzi mpaka kazi iishe, "kwa muda tu". Ni sawa na kumtuma mtoto dukani, kisha ukasimama mlangoni mpaka arudi huku wali unaungua.

Room, maktaba ya hifadhidata ya Android, hukataa kuulizwa kwenye uzi mkuu, lakini haina habari kwamba uzi mkuu umesimama unaisubiri. Kwangu ilipita, maana jedwali langu la majaribio lilikuwa na miamala ya kuhesabu kwa vidole. Mawakala walikuwa na miamala ya miaka, na toleo lile lilipanga jedwali zima upya lilipofunguliwa mara ya kwanza. Skrini ikaganda. Wakaifunga kwa nguvu, SQLite, hifadhidata yenyewe, ikarudisha kila kitu kilivyokuwa, wakafungua tena, kazi ikaanza moja. Wateja wamepanga foleni, wakala anafungua na kufunga. Nami, badala ya kusoma ripoti ya ANR iliyoonyesha wazi uzi mkuu umelala kwenye runBlocking, nikawa nabisha: "Haiwezekani, kazi iko pembeni!" Dawa ilikuwa mistari michache: chora skrini, andika "tunapanga kumbukumbu zako", jina likifika kupitia Flow, mkondo wa data wa Kotlin, lijaze.

3. Washeni StrictMode, inayonasa kazi za diski na mtandao kwenye uzi mkuu, kwenye toleo la majaribio. Ipo tangu Android 2.3, hamna kisingizio.

4. apply() ya SharedPreferences, ile hifadhi ndogo ya mipangilio, mnaisifia sana. Inaandika pembeni, sawa, lakini Activity (skrini ya programu) ikisimamishwa, uzi mkuu unaweza kungoja maandishi yaishe. Rudini namba 2.

5. Wa Flutter, mnaoandika programu kwa lugha ya Dart, msicheke. async haikupi uzi mwingine. JSON kubwa ipelekeni ichambuliwe kwenye isolate, mfanyakazi wa pembeni mwenye kumbukumbu yake. Na hizo await (subira) mlizopanga kabla ya runApp, mwito unaoanza kuchora programu, ndizo zinazomwachia mtu nembo ya kampuni aitazame mpaka achoke.

6. Maktaba zinazojianzisha kwa ContentProvider, sehemu ambayo Android huianzisha yenyewe, hutangulia hata onCreate ya Application, kwa hiyo unaweza kusafisha onCreate yako ikang'aa na bado programu ikachelewa. Fungueni manifesti iliyokwisha kuunganishwa, ile orodha ya sehemu za programu pamoja na za maktaba, mzikague. Juzi tumekuta humo maktaba ya matangazo, hakuna anayekumbuka iliwekwa na nani, na programu yenyewe haijawahi kuwa na tangazo hata moja.