Waanze na uzani, programu baadaye

Mwalimu, umeuliza uanzie wapi kuwafundisha watafiti wachanga kutumia data za TDHS (utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu Tanzania) na Sensa ya 2022. Mimi ningeanza na uzani, yaani namba inayorekebisha uzito wa kila mhojiwa ili sampuli ifanane na idadi halisi ya watu. Wape faili la wanawake la TDHS, wakokotoe asilimia ileile mara mbili: bila v005 (safu yenye uzani), kisha wakiitumia (waigawanye kwanza kwa 1,000,000). Zanzibar ina watu milioni 1.9 hivi kati ya milioni 61.7 wa sensa, lakini kwenye sampuli ya TDHS fungu lake ni kubwa zaidi, ili kila mkoa upate takwimu zake. Ukisahau uzani, Pemba inaisemea Tabora! Yalinikuta, jedwali langu liliporomoka kwa swali la kwanza tu. Na dodoso la Kiswahili walisome kabla ya kufungua kompyuta.