Dogo kafungua poti ya databesi kwa dunia nzima, tumfukuze?

SWALI: Habari za kazi kaka. Niko Mwanza, tuna kampuni ndogo ya programu na kila kitu chetu kipo AWS, zile seva za kukodi za Amazon. Juzi kati dogo mmoja aliyeanza kazi hivi karibuni alifungua poti ya databesi, yaani mlango wake wa mtandao, kwa dunia nzima ili aweze kuingia akiwa kwao, tukaja kushtuka baada ya siku mbili. Bosi anataka aondoke. Tufanyeje isijirudie?

JIBU: Jamani dada, mwambie bosi apoe kwanza. Huyo akiondoka, anayekuja atakuta konsoli ile ile, ule ukurasa wa kuendeshea AWS, na ruhusa zile zile. Amazon wenyewe yaliwakuta tarehe 28 Februari 2017, fundi wao alikuwa anaondoa kazini seva chache tu za S3, huduma yao ya kuhifadhi faili, kule Virginia, akakosea kuandika amri zikatoka nyingi, tovuti kibao zikalala karibu masaa manne. Walichofanya ni kubadilisha ile programu ya kutolea seva, sasa inazitoa polepole na inagoma kushuka chini ya kiwango.

Na nyie wekeni kitu cha kugoma. Watu wabaki na ruhusa ya kuangalia tu kwenye konsoli, mabadiliko yaandikwe kwenye faili za Terraform, programu inayojenga seva kwa kufuata mlichoandika, zikae Git inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko, mwenzako asome ndo yapite. Ile terraform plan inakuonyesha nini kitaongezwa na nini kitafutwa kabla hakijaguswa, sasa ukiona inataka kufuta databesi na wewe ulikuwa unabadilisha jina tu, simama hapo hapo. Ila plan haijui hatari, ukiandika 0.0.0.0/0, yaani anwani zote za dunia, inakupitisha bila hata kukohoa, ndo maana nashauri muongeze kikaguzi cha faili hizo kama Checkov, mkiwekee sheria ya kukataa faili la namna hiyo.

Kikaguzi nacho msikiamini kupita kiasi. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook walikuwa na mfumo wa kukagua amri, ukawa na hitilafu, amri mbaya ya matengenezo ikapita, WhatsApp na Instagram nazo zikapotea kama masaa sita, nadhani mnakumbuka ile siku. Kwa hiyo punguzeni na ruhusa zenyewe. Capital One, benki ya Marekani, mwaka 2019 fayawoli yao, ule ukuta wa kuchuja wanaoingia, ilisetiwa vibaya, lakini kilichowamaliza ni kwamba aliyepenya alikuta ruhusa pana mno nyuma yake, taarifa za watu kama milioni 100 Marekani na milioni 6 Kanada zikachukuliwa.

Halafu mbona hamjauliza kwa nini dogo alifungua? Alitaka kufanya kazi akiwa nyumbani na hamkumpa njia. Wekeni VPN, njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali, au mtumie Session Manager ya AWS inayokuingiza bila kufungua poti, databesi ibaki mtandao wa ndani. Msipompa njia halali atatafuta nyingine, na safari hii hamtaiona.

Na paswedi ya databesi mmeshabadilisha? Siku mbili ni nyingi, kuna roboti kazi yake ni kutafuta poti zilizo wazi usiku na mchana. Badilisheni leo leo, mpitie na logi, kumbukumbu za walioingia, muone nani aliingia.