Nyumba Iliyokaguliwa Msimu wa Kaskazi Haijakaguliwa

Ni mwezi gani nyumba huwa rahisi hapa Mombasa? (Msomaji, Likoni)

Swali hili naletewa kila wiki. Hakuna mwezi wa bei rahisi, kuna muuzaji mwenye shida. Januari karo za shule zimembana. Mei wanunuzi hawatoki kwa mvua, hapo ndipo anaposikiliza. Desemba, watu wa bara na wa ng'ambo wamejaa mjini, utalipa bei uliyotajiwa.

Dalali anataka arubuni leo, ati kesho nyumba itakuwa imeshakwenda. Nimpe? (Msomaji, Tudor)

Usimpe. Nenda kwanza kwa msajili wa ardhi uhakikishe jina lililo kwenye hati ni la anayeuza, na kwamba nyumba haijawekwa rehani.

Nimependa nyumba Kisauni. Niliiona Februari, kavu, imepakwa rangi mpya. Kuna la kuogopa? (Msomaji, Changamwe)

Hiyo rangi mpya. Msimu wa kaskazi, miezi ya ukavu kabla ya masika, kila paa ni zima na kila ua ni mkavu. Masika inapoanza, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi kwetu, maji hutuama sehemu nyingi za Kisauni na Bamburi, na mashimo ya vyoo hufurika.

Nilimsindikiza binamu yangu kuona nyumba ya namna hiyo. Kizingiti cha mlango wa nyuma kilikuwa kimeinuliwa kwa matofali mawili, na mbao za mlango zimevimba chini. Dalali akasema ni mtindo. Nikavuka njia kwa mama aliyekuwa akikaanga bajia, nikamuuliza maji hufika wapi. Akagusa goti lake. Binamu hakununua.

Basi pitisha kiganja ukutani karibu na sakafu: ukitoka na unga mweupe, unyevu umo ndani. Fungua kabati, unuse. Kisha rudi Mei, mvua ikinyesha, hata kama umeshaipenda. Ila maji ya kisima yaonje Machi, kabla ya mvua. Mei kisima kinaweza kuwa kitamu, na kiangazi kikikolea chumvi ikaingia, hasa karibu na bahari.

Nauza yangu Mikindani. Nisubiri mvua iishe? (Msomaji, Mikindani)

Subiri hadi Julai, lakini tengeneza paa, usifunike madoa kwa rangi. Na weka kando pesa za serikali: tangu Januari 2023 muuzaji hulipa asilimia 15 ya faida, si 5 tena. Ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, ni wa mnunuzi.

Nimeuziwa nyumba Majengo bila ardhi. Nitapata hati lini? (Msomaji, Majengo)

Hutapata. Umenunua kuta na paa, na kila mwezi utamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Mwone wakili wiki hii, ukiwa na risiti zako zote, kabla hujaongeza hata chumba kimoja.