Sidai tarehe, nadai wasia

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: mwandishi akianzisha mfululizo mrefu wa riwaya za fantasia, zile za falme, majoka na uchawi, kisha akakaa miaka na mikaka bila kuumaliza, je, ana deni kwa wasomaji wake? Jibu langu ni kwamba analo. Ila si lile ambalo mashabiki wengi wanamdai kwa hasira.

Nauza vitabu vya mitumba hapa Kisumu, karibu na barabara ya Oginga Odinga. Vitabu vya mitumba haviji kwa mpango. Juzuu ya nne unaweza kuipata leo, ya kwanza ukaja kuiona baada ya Krismasi. Kwa hiyo nina daftari ambamo naandika jina la mteja, namba yake ya simu na juzuu anayoisaka. Maneno yanayojirudia zaidi humo ni haya: "Martin, ya sita." Hiyo siwezi kuwapatia hata nikifungua marobota yote ya Gikomba, kwa sababu haijatoka popote duniani.

Kwa wasiofuatilia: George R. R. Martin, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1948, alitoa juzuu ya kwanza ya A Song of Ice and Fire mwaka 1996. Ya pili ikaja 1998, ya tatu 2000. Hapo mwendo ukaanza kulegea: ya nne 2005, ya tano Julai 2011. Mwanzoni alikusudia juzuu tatu tu, sasa mpango ni saba. Mtoto wa kiume aliyezaliwa wiki ile juzuu ya tano ilipotoka sasa sauti yake imeshavunjika. Katikati hapo kampuni ya HBO ilitengeneza tamthilia, ikaanza kuonyeshwa 2011, ikaipita hadithi ya vitabuni na kufika mwisho wake Mei 2019, huku vitabu vimesimama palepale.

Wateja wangu wengi wanasema mzee huyu ni mvivu, amelewa pesa za televisheni. Mimi sikubaliani nao. Ukisoma juzuu ya nne na ya tano kwa makini unaona mtu aliyefanya kazi hadi ikamwelemea. Baada ya juzuu ya tatu alikusudia kuiruka miaka mitano ya hadithi ili wahusika watoto wakue kidogo. Akaandika kwa njia hiyo, akagundua kwamba kila sura inageuka kumbukumbu za yaliyotokea katika ile miaka iliyorukwa, akaitupa kazi hiyo na kuanza upya. Kitabu kikafura hata hakiwezi kufungwa pamoja, ikabidi akigawe kwa wahusika: baadhi yao wakaingia juzuu ya nne, wengine wakangoja hadi ya tano. Ndiyo maana msomaji anamaliza kurasa mamia za juzuu ya nne bila kumwona Jon wala Daenerys akisimuliwa hata sura moja. Martin mwenyewe husema yeye si mwandishi wa kuchora ramani ya hadithi yote kabla hajaanza. Anaiacha iote, naye anaifuata. Mtu wa namna hiyo ukimpa tarehe unamtesa bure, na Januari 2016 alikiri hadharani kwamba tarehe aliyokubaliana na wachapishaji ilikuwa imempita.

Mwaka 2009 mwandishi mmoja wa Uingereza alimjibu shabiki aliyelalamika, akamwambia kwamba Martin si mtumishi wake, na kwamba kununua kitabu kimoja si mkataba wa kupata kingine. Nakubali. Aliyetoa shilingi mia tatu kwangu akaondoka na kurasa mia nane hajaibiwa.

Kuna kesi ngumu kidogo, ya Patrick Rothfuss. Juzuu yake ya kwanza ilipotoka 2007 aliwaambia watu kwamba hadithi yote ya juzuu tatu ilikuwa imeshaandikwa, imebaki kupigwa msasa. Ya pili ilitoka 2011, ya tatu tunaingoja hadi leo. Hapo malalamiko nayaelewa, kwa kuwa watu walinunua wakiwa wameambiwa jambo. Lakini hata yeye sitamtukana. Kuna wanaomwandikia maneno ambayo mtu mzima hapaswi kumwandikia mwenzake, na hilo halijawahi kumsaidia yeyote kuandika hata aya moja.

Sasa nifike kwenye deni lenyewe.

Nina mteja, mwalimu mstaafu kutoka upande wa Ahero. Huja mjini kwa kliniki ya macho, kwa sababu ana presha ya macho, na akitoka huko hupitia kwangu. Juzuu ya tano aliisoma kwa kioo cha kukuza maandishi, akikisogeza mstari kwa mstari, na usiku binti yake akimsomea. Nakala ile niliiona aliponirudishia tubadilishane: kila sura imewekewa alama ndogo ya penseli pale jicho lilipochoka. Siku moja aliketi kwenye kiti changu cha plastiki, akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Nyar, kuna mtu anayejua mwisho?" Hakuuliza kitabu kinatoka lini. Aliuliza kama kuna mtu anayejua.

Nikamwambia wale wawili waliotengeneza tamthilia, Benioff na Weiss, waliambiwa na Martin mambo makuu ya mwisho. Akasema hayo ni ya televisheni. Yeye anauliza habari za kitabu: huyu mzee akitangulia, nani ameachiwa?

Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo sidai tarehe. Nadai wasia. Mwandishi aliyetuingiza katika hadithi ya maelfu ya kurasa anatudai subira, na ni haki yake. Nasi tunamdai atuambie hadithi itakuwa ya nani akiondoka, na kama itakuwa ya mtu yeyote.

Waliofanya hivyo wapo. Robert Jordan alianza The Wheel of Time mwaka 1990. Mwaka 2006 aliwaambia wasomaji wake wazi kwamba ana ugonjwa adimu unaoushambulia moyo. Alikuwa ametoa juzuu kumi na moja, na ya kumi na mbili aliikusudia iwe ya mwisho. Alipoona nguvu zinamwisha hakujifanya kwamba atapona kesho. Aliwasimulia jamaa zake yaliyobaki, yakarekodiwa, akaacha madokezo mengi na sehemu za mwisho alizoziandika kwa mkono wake. Alifariki tarehe 16 Septemba 2007. Mjane wake, Harriet McDougal, ambaye pia ndiye aliyekuwa mhariri wake, alimchagua Brandon Sanderson aimalize kazi. Juzuu moja iliyobaki ikawa tatu: 2009, 2010 na Januari 2013. Wasomaji bado wanabishana kama Sanderson alimpatia mhusika Mat ucheshi wake halisi, na mimi nipo upande wa wanaosema hapo mwanzoni hakumpatia. Lakini tunabishana juu ya kitabu kilichopo mezani. Mteja akinunua juzuu ya kwanza ya Jordan kwangu, najua ipo siku atafika mwisho.

Mtoto wa dada yangu anasoma chuo huko Njoro, karibu na Nakuru, na yeye na wenzake wanasoma zaidi katuni za Kijapani kwenye simu. Ndiye aliyenisimulia habari za Kentaro Miura, aliyechora Berserk tangu 1989 na kufariki Mei 2021 akiwa na miaka 54, mshipa mkubwa wa moyo ulipopasuka. Hakuna aliyetarajia. Lakini miaka mingi nyuma Miura alikuwa amemsimulia rafiki yake tangu shuleni, Kouji Mori, hadithi yote hadi mwisho. Juni 2022 kazi ikaendelea, wanafunzi wa studio yake wakichora na Mori akisimamia, na Mori akaahidi kwamba ataweka tu yale aliyoambiwa, hataongeza lake. Kijana yule alinieleza haya tukiwa jikoni kwa mama, na niliona kwamba kwake Mori ni mtu wa heshima kuliko wahusika wote wa hadithi yenyewe. Namuunga mkono kabisa.

Halafu yupo Yoshihiro Togashi wa Hunter x Hunter, kazi aliyoianza 1998. Mgongo umemsumbua hata kuketi kuchora ni shida, na mfululizo umesimama mara nyingi, mara nyingine kwa miaka. Novemba 2023, katika kipindi cha televisheni huko Japani, alitoa maandishi ya mwisho mmojawapo kati ya aliokuwa ameufikiria, akasema akifa kabla hajamaliza, wasomaji wauchukue huo. Mgonjwa, bado anafanya kazi, bado hana tarehe, na hakuna anayeweza kumdai chochote tena. Kwangu huo ndio uungwana.

Wasia si lazima uwe wa kuendeleza. Terry Pratchett, aliyefariki Machi 2015, alitaka kazi zake ambazo hazijakamilika ziharibiwe. Agosti 2017 kifaa cha kompyuta yake kilichohifadhi kazi hizo kililazwa chini, kikapitiwa na mashine ya mvuke ya kushindilia barabara. Kuna waliolia. Hata mimi nilipoona picha nilisikia uchungu, lakini matakwa yake yalijulikana, yakatekelezwa, basi. Yeye pia alikuwa na nafuu moja: kila riwaya yake ya Discworld inajitosheleza, kama vile visa vya Bwana Msa vya Muhammed Said Abdulla, ambapo ukifunga kitabu fumbo limeshafumbuliwa hata kama hutapata kingine. Wasia unawahusu zaidi wale waliogawa hadithi moja katika juzuu nyingi.

Najua pingamizi lililopo. Kumwuliza mtu wasia ni kama kumtazama akiwa ndani ya jeneza. Mwaka 2014 Martin aliulizwa na gazeti la Uswisi kuhusu watu wanaohofia atakufa kabla hajamaliza, na akawajibu kwa ukali, tena kwa kidole. Sikumlaumu. Kwetu pia, mwulize mzee ameandika nini kuhusu shamba uone ndugu watakavyokutazama. Watasema unamwombea kifo, unaleta chira, laana ya kuvunja mwiko, nyumbani. Lakini tunajua pia kinachofuata pale mtu anapoondoka bila maandishi. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986, na kwa miezi mitano mjane wake na ukoo wa Umira Kager walikuwa kortini wakibishania pa kumzika, kila upande ukileta mashahidi wa alichokisema kwa mdomo akiwa hai. Alizikwa Nyalgunga Mei 1987, na hadi leo watu wa rika la wazazi wangu hawajaacha kubishana. Maneno ya marehemu yasipoandikwa, kila aliye hai anayo yake.

Stephen King amewahi kusimulia kwamba, The Dark Tower ikiwa bado haijaisha, aliandikiwa barua na bibi mmoja mwenye saratani na mfungwa aliyehukumiwa kifo. Wote wawili walitaka tu waambiwe hadithi itaishia wapi, na waliahidi siri hiyo hawatamwambia mtu. Anasema angewaambia kama angekuwa anajua, lakini hakuwa anajua. Juni 1999 aligongwa na gari akitembea kando ya barabara, akanusurika chupuchupu, na juzuu tatu za mwisho zikatoka 2003 na 2004. Jibu lake kwa wale wawili nalipokea kama lilivyo. "Sijui" ni jibu. Mwalimu wangu wa Ahero angelipokea pia.

Sioni ukatili katika kumwomba Martin, au yeyote aliye katika hali yake, ukurasa mmoja. Aseme kama kuna mtu anayejua mwisho. Aseme kama mtu huyo ana ruhusa ya kuuandika, au auseme tu kwa ufupi, au anyamaze milele. Akisema hadithi izikwe pamoja naye, nitaheshimu na nitawaambia wateja. Mimi tayari siuzi juzuu ya kwanza ya mfululizo wowote kabla sijamweleza mnunuzi umefika wapi na mwandishi yu hai au la. Wapo wanaorudisha kitabu rafuni. Wengi wananunua, tena bila kinyongo, kwa sababu wameambiwa.

Na hapa kwetu jambo hili ni la haraka zaidi. Vijana wa Kisumu, Kakamega na Nakuru wameanza kuandika fantasia zao, na kila mmoja anayeniletea mswada wake ananiambia ni juzuu ya kwanza kati ya tatu au tano. Mfululizo wa hapa hauhitaji mwandishi afe ndipo ukatike: juzuu ya kwanza isipouzika, mchapishaji anaiacha ya pili, na mwandishi anarudi kutafuta kazi ya mshahara. Mkiwahoji waandishi hawa gazetini, naomba mwaulize kama mwisho wameuandika mahali, hata kwa ukurasa mmoja, na nani anajua ulipo.