Juma, juma na Ijumaa: jina la babu kwa mtoto wa Jumanne

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kwetu Ujiji tumepata mtoto wa kiume, amezaliwa Jumanne. Baba mkwe anataka apewe jina lake, Juma. Shemeji anapinga, anasema Juma ni jina la mtoto wa Ijumaa peke yake. Jirani naye anasema Juma maana yake ni wiki, wala si siku. Nani mkweli? Tuandike Juma au Jumaa? Na ni watu gani mashuhuri waliolibeba jina hili?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Marahaba, na hongereni sana. Shemeji yuko sahihi kuhusu asili ya jina, jirani yuko sahihi kuhusu msamiati wetu wa leo, na baba mkwe ana haki kamili ya kupata somo wake, yaani mtu wa jina lake. Hakuna kanuni ya lugha wala ya dini inayomzuia mtoto wa Jumanne kuitwa Juma. Ila ni vizuri mjue mnachompa.

Neno lenyewe ni la Kiarabu. Limejengwa juu ya mzizi wenye sauti tatu, jim, mim na ain, na maana yake ni kukusanya au kukusanyika. Kabla ya Uislamu, Waarabu waliiita siku hiyo Aruba. Ilipokuwa siku ya watu kukutana kwa sala ya pamoja, ikaitwa siku ya mkusanyiko, na sura ya 62 ya Kurani inabeba jina hilo hilo. Kiswahili kilipolipokea neno hili, ain ilidondoka, kwa sababu sauti hiyo ya kooni haimo katika lugha yetu. Kilichobaki ni maneno matatu yaliyo mbalimbali: Ijumaa (siku), juma (muda wa siku saba) na Juma (jina la mtu). Sentensi moja inayatenganisha: "Juma lililopita, Juma alikuja Ijumaa."

Angalieni viambishi katika sentensi hiyo. Juma la siku saba liko katika ngeli ya LI-YA: juma hili, majuma haya, majuma mawili. Juma mtu hufuata A-WA: Juma huyu, Juma amelala. Wingi wake si "Majuma". Tunasema akina Juma, lakini hapo pana utata, kwani akina Juma wanaweza kuwa watu watatu wenye jina hilo, au Juma mmoja na wenzake. Mwalimu anayeandika ripoti ya darasa aseme wazi: "wanafunzi watatu wenye jina la Juma." Juma la siku saba huandikwa kwa herufi ndogo, jina la mtu kwa herufi kubwa. Makosa mengi ninayoyaona katika insha hutoka hapo, si katika maana.

Ukoo wa mzizi huo ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Jamaa, jamii, jumuiya, jumuika, jumuisha, hata ujamaa, yote ni ndugu wa Juma kwa upande wa Kiarabu. Msikiti wa Jamia wa Nairobi nao umo. Lakini jumla si ndugu. Limetoka mzizi mwingine wenye jim, mim na lam, na ndiyo maana kujumlisha ni kutafuta hesabu ya vitu pamoja, ilhali kujumuisha ni kuingiza kitu au mtu ndani ya kundi. Ukiandika "tumejumlisha maoni ya wananchi" huku unamaanisha umeyaweka ndani ya taarifa, umechanganya koo mbili. Jumba nalo halihusiki hata kidogo: ni nyumba iliyokuzwa.

Sasa kuhusu siku. Kiswahili huhesabu siku kuanzia mara tu Ijumaa inapokwisha. Jumamosi ni ya kwanza (mosi ni moja), Jumapili ya pili, kisha tatu, nne, tano. Kwa hiyo Jumatatu si siku ya kwanza hata kama kalenda ya ukutani inaanza nayo, na mtoto anayeuliza "mbona inaitwa tatu?" ameuliza jambo la maana. Waarabu huanza kuhesabu Jumapili, hivyo kwao Alhamisi ni ya tano, na jina lake lina maana hiyo hiyo. Matokeo yake, juma letu lina siku mbili za tano zinazofuatana: Jumatano kwa hesabu ya Kibantu, Alhamisi kwa hesabu ya Kiarabu. Wakatoliki wa Kigoma na Tabora wameongeza jina lisilo la hesabu, kwa kuwa wengi wao husema Dominika badala ya Jumapili, neno lililoingia na wamisionari waliofika Tabora mwaka 1878 na Ujiji mwaka 1879.

Hapa kuna jambo ambalo nawaomba mlisome taratibu, maana ndipo familia nyingi hukosea siku ya mtoto. Kwa hesabu ya wazee wa Kiswahili, kama ilivyo kwa Waislamu kwa jumla, siku huanza jua linapozama. Usiku hutangulia, mchana hufuata. Mzee akisema "usiku wa Ijumaa" anakusudia usiku ule ambao leo tunauita Alhamisi usiku, yaani usiku wa kuamkia Ijumaa. Mtoto aliyezaliwa Alhamisi saa tatu usiku ni mtoto wa Ijumaa kwa babu, na anaweza kuitwa Juma bila ubishi. Aliyezaliwa Ijumaa saa tatu usiku ameshaingia Jumamosi. Kadi ya hospitali haijui hayo: inabadili tarehe saa sita usiku. Kwa hiyo kabla ya kubishana kama jina linalingana na siku, ulizeni saa. Mtoto wenu akiwa amezaliwa baada ya magharibi ya Jumanne, kwa wazee yeye ni wa Jumatano. Na mkiandika tarehe ya tukio lolote la usiku, andikeni "usiku wa kuamkia" na siku inayofuata. Hapo babu na karani wataelewana.

Desturi ya kumpa mtoto jina la siku haiko kwetu peke yetu. Wahausa wana Danjuma, yaani mwana wa Ijumaa, na Jummai kwa msichana. Wayoruba wana Jimoh, neno hili hili limepita katika matamshi yao. Waakan wa Ghana hawakuazima kitu, wana jina lao kwa mvulana wa Ijumaa, nalo ni Kofi. Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, kwa maana ya siku alikuwa Juma. Kwetu msichana wa Ijumaa huitwa Mwajuma au Mwanajuma. Hilo "mwana" la mbele ni la heshima kwa mwanamke, kama katika Mwanaisha na Mwanahawa, na "mwa" ni mkato wake. Mvulana wa Alhamisi ni Hamisi, au Khamis kwa wanaohifadhi matamshi ya Kiarabu.

Lakini jina la siku likishavaliwa na mtu mzima huacha kuwa la siku. Linakuwa la ukoo. Mjukuu anaitwa Juma kwa sababu ya babu yake, siyo kwa sababu ya kalenda, na hiyo ndiyo njia ambayo akina Juma wengi wa bara wamelipata jina lao. Shemeji amesimama kwenye asili ya neno na kusahau matumizi, na jina ni matumizi.

Tahajia. Andikeni Juma ikiwa babu ni Juma. Jumaa ni jina sahihi pia, na wapo wenye nalo, mfano Jumaa Aweso, mbunge wa Pangani aliyeteuliwa Waziri wa Maji Desemba 2020. Ila hayo ni majina mawili, na sikio linayatofautisha. Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho: JU-ma, lakini ju-MA-a. Karani akiongeza a moja amebadili silabi, mkazo na jina. Hakikisheni herufi ni zile zile katika kadi ya kliniki, tangazo la kizazi na cheti cha kuzaliwa, na msome cheti herufi kwa herufi kabla ya kuondoka dirishani. Tofauti ya a moja ikifika kwenye cheti cha darasa la saba, kisha kwenye kitambulisho cha taifa, kijana atalazimika kula kiapo kuthibitisha kwamba Juma na Jumaa ni mtu mmoja. Na kwa kuwa kwetu hufuata jina la mtoto, la baba, kisha la babu, huyu wenu atakuwa Juma mwanzo na Juma mwisho. Mwambieni karani mapema kwamba hamjakosea, asije akafuta moja akidhani limerudiwa.

Waliolibeba ni wengi, na mikoa yetu ya magharibi ina sehemu yake. Juma Kaseja, golikipa wa Simba na Taifa Stars kwa miaka mingi, ni mzaliwa wa Kigoma, wa mwaka 1985. Alikuwa langoni mwaka 2003 Simba ilipoitoa Zamalek ya Misri katika Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mikwaju ya penalti. Profesa Juma Kapuya aliwakilisha Urambo Magharibi, Tabora, na kuongoza wizara kadhaa. Katika riadha yupo Juma Ikangaa, aliyeshinda mbio ndefu za New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Boston alimaliza wa pili mara tatu mfululizo, 1988 hadi 1990, na ile ya 1988 aliikosa kwa sekunde moja tu. Juma Nature wa Temeke ni miongoni mwa walioipa Bongo Fleva sauti yake. Na kuna Juma Mwapachu, Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuanzia 2006 hadi 2011: Juma akiongoza Jumuiya, mzizi mmoja mara mbili ndani ya cheo kimoja.

Jina hili pia huonekana upande wa baba au babu. Dk. Omar Ali Juma alikuwa Makamu wa Rais tangu 1995 hadi alipofariki Julai 2001. Na ukirudi nyuma karne nzima utalikuta Tabora. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, jina lake halisi ni Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab el Murjebi. Juma huyo ni babu yake. Muhammed bin Juma, baba yake, aliweka makazi Tabora na kuoa binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Zama hizo hizo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, alikuwepo mfanyabiashara Juma Merikani, aliyempokea Mwingereza Verney Lovett Cameron mwaka 1874. Merikani si jina la ukoo. Ni ile shuka ya pamba iliyotoka Marekani, iliyokuwa fedha ya njia ya misafara, nayo ikamganda kama lakabu. Nawatajia hawa wawili bila kuwapamba, kwa kuwa biashara ya watumwa iliwaumiza watu wa Ujiji na Tabora, na jina halina hatia hiyo.

Limebaki jambo moja, la kumtuliza shemeji. Kama moyo wake uko kwenye siku, jina la mtoto wa Jumanne lipo, nalo ni Jumanne. Ni jina la kiume lililoenea sana Tabora, Shinyanga na Kigoma, na amelibeba Profesa Jumanne Maghembe, aliyewahi kuwa waziri wa elimu, wa maji na wa maliasili. Ni jina la Kiswahili hasa, halimo katika Kiarabu: nusu ya kwanza tumeiazima, nusu ya pili ni nne yetu wenyewe. Litamkeni kwa silabi nne, ju-ma-n-ne, mkazo ukiwa juu ya hiyo n ya kwanza inayosimama peke yake. Marekani wapo wanaoliandika Jumaane, kama Jumaane Williams wa New York: urefu umehama kutoka n kwenda a. Kwenye cheti cha hapa msiige tahajia hiyo.

Mnaweza basi kumwandikisha Juma, jina la babu, na shemeji akamwita Jumanne nyumbani. Babu akifika kumwona, mwiteni kwa jina lake, waitane somo.