Maswali ya Wasomaji: Kazi za Nyumbani, Zinajenga Wapi na Zinabomoa Wapi

SWALI: Binti yangu yuko darasa la pili. Kila jioni anarudi na kurasa tatu za kunakili na kujumlisha. Je, zinamsaidia kweli?

JIBU: Kwa umri wake, faida ni ndogo. Mwaka 2006 Harris Cooper na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walizipitia kwa pamoja tafiti zilizofanywa kati ya 1987 na 2003. Waliona kwamba uhusiano kati ya kazi za nyumbani na ufaulu una nguvu kuanzia darasa la saba kwenda juu, na ni hafifu kwa madarasa ya chini. Mtoto mdogo huchoka upesi, na bado hajui kujipangia muda wala kuyaona makosa yake mwenyewe.

Walimu wengi hufuata kanuni ya dakika 10 kwa siku kuzidisha kwa namba ya darasa, yaani dakika 20 kwa darasa la pili na dakika 60 kwa la sita, masomo yote yakijumlishwa. Kunakili kurasa tatu kunamchosha mkono tu. Mwombe mwalimu abadilishe: dakika 10 za kusoma kwa sauti huku mtu mzima akimsikiliza, kisha hesabu tano au sita. Kwa kiasi hicho mtoto anapata mazoea ya kukaa na daftari, nawe unajua wamefika wapi darasani. Hizo ndizo faida za kutarajia kwa sasa.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Kazi za nyumbani napata zote, lakini kwenye mtihani nafeli. Kwa nini?

JIBU: Yaelekea unazifanya huku ukurasa wa mifano ukiwa wazi. Hapo jicho linafuata hatua za mwalimu na mkono unaziandika, lakini kumbukumbu haijaguswa. Mtihani utaidai kumbukumbu hiyohiyo.

Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya kusoma, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Baadhi walivisoma tena, wengine waliandika walichokumbuka bila kutazama. Dakika 5 baadaye, waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele. Baada ya siku 2, na hata baada ya wiki, waliojipima walikumbuka zaidi. Ndiyo maana usiku ule unajiona umeiva, kisha siku ya mtihani kichwa kinakuwa kitupu.

Fanya hivi. Soma mfano mmoja mpaka uweze kueleza sababu ya kila hatua, kisha funga daftari. Jaribu swali la kwanza. Ukikwama, vumilia kama dakika 3 ukijaribu kukumbuka, halafu fungua, tazama hatua iliyokukwamisha tu, funga tena, na ulianze swali upya tangu mwanzo. Kila swali lililokulazimu kufungua daftari liwekee nyota pembeni. Baada ya siku mbili au tatu, yarudie yale ya nyota peke yake, daftari likiwa limefungwa. Majibu yaliyo nyuma ya kitabu ni ya kuhakikishia mwishoni. Ukiyaona kabla, utatafuta njia ya kulifikia jibu hata kama njia yenyewe ni mbovu. Na kunakili kwa rafiki ni kumficha mwalimu pale unapohitaji msaada wake.

SWALI: Kijana wangu wa miaka 16 humaliza kazi saa sita usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri. Nimwache tu, kwa kuwa anasoma?

JIBU: Usimwache. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, naye anapata 5. Ubongo huimarisha yaliyosomwa mchana wakati mtu amelala, kwa hiyo anayekesha hupoteza sehemu ya kile alichokikeshea, na kesho yake anasinzia darasani. Takwimu za mwaka 2012 za PISA, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi, zinazohusu wanafunzi wa miaka 15 katika nchi nyingi, zilionyesha kwamba baada ya kama saa 4 za kazi za nyumbani kwa wiki, muda wa ziada huongeza ufaulu kidogo sana.

Kabla ya kulalamika, pima kwa wiki moja. Kwa kila somo aandike saa ya kuanza na ya kumaliza, simu ikiwa chumba kingine. Mara nyingi hugundulika kwamba kazi ya dakika 50 ilichukua saa mbili kwa sababu ya simu. Kama hata bila simu bado anapita saa 2 kila usiku, peleka karatasi hiyo kwa mwalimu wa darasa. Walimu wa masomo mbalimbali hutoa kazi bila kujua wenzao wametoa kiasi gani, na karatasi yako itawasaidia kugawana siku.

SWALI: Ninafundisha hesabu darasa la wanafunzi 50. Siwezi kusahihisha madaftari yote. Niache kutoa kazi?

JIBU: Punguza, Mwalimu, usiache. Anayekosea hatua ileile katika maswali 20 amelizoea kosa mara 20. Maswali 8 yanatosha: manne ya somo la leo, mawili ya wiki iliyopita, mawili ya mwezi uliopita. Katika jaribio la watafiti Doug Rohrer na Kelli Taylor la mwaka 2007 kuhusu ujazo wa maumbo, waliochanganyiwa maswali walikosa mengi zaidi wakati wa mazoezi. Wiki moja baadaye walipata asilimia 63, na waliofanya aina moja mfululizo asilimia 20. Maswali yakichanganywa, mwanafunzi analazimika kuchagua njia mwenyewe.

Kesho yake, dakika 8 za mwanzo, andika majibu ubaoni. Kila mmoja ajisahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine na kunyoosha mkono kwa swali alilokosa. Swali lililowashinda zaidi ya theluthi ya darasa, lifanye upya. Kisha chukua madaftari 10 kwa siku. Katika siku 5 umewafikia wote. Usiishie kwenye alama: zungushia hatua ilipoanza kupotoka, mpe swali jingine la aina hiyo. Na kazi isidai zaidi ya daftari na kalamu, maana wako wasio na intaneti wala mtu wa kuwaelekeza.

SWALI: Ni sawa kuwapa wapiga kelele hesabu za ziada kama adhabu?

JIBU: Hapana. Watazichukia hesabu, na kelele zitabaki palepale.

SWALI: Sikusoma sana. Nimsaidieje mwanangu wa darasa la tano?

JIBU: Huhitaji kulijua somo. Mtengee mahali penye mwanga na saa isiyobadilika, kisha umuulize: «Swali linataka nini? Mwalimu alianzaje?» Mara nyingi akieleza kwa sauti anaona mwenyewe alipokwama. Usimshikie kalamu, wala usimfutie makosa, kwa sababu mwalimu anahitaji kuyaona. Dakika 50 zikiisha (ile kanuni ya dakika 10 kuzidisha kwa darasa la tano), simamisha kazi hata kama haijakamilika, uandike chini ya ukurasa: «Amefanya kwa dakika 50, amekwama swali la 6», na uweke sahihi.