Kiti kikibaki kitupu: uchovu wa wauguzi wa kusafisha damu

Muuguzi wa chumba cha kusafisha damu hachoki kama yule wa wodi ya wazazi, ambako mtu hujifungua akaenda zake. Figo zikishashindwa, mgonjwa huja kwa kawaida mara 3 kwa wiki, kila mara kwa takribani saa 4, mpaka apandikizwe figo au afariki. Utamjua mkewe, utajua hata lini kiwanja cha Chanika kimeuzwa kulipia matibabu. Siku asipokuja tena, kiti hupanguswa na mwingine huunganishwa.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa na matatizo ya afya, ICD-11, iliyopitishwa mwaka 2019, linauita uchovu huu tatizo la kazini, si ugonjwa, na linataja mambo matatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kujiona huna tena unaloweza. Chumbani unaonekana hivi: Baba Zawadi anageuka kuwa "yule wa kiti namba 4". Dalili ya kuogopwa zaidi ni kengele ya mashine kuzimwa kabla ya kuangalia sindano. Sindano ya kurudishia damu ikichomoka, mtu anaweza kupoteza damu nyingi kwa dakika chache.

Kinachowamaliza wengi si vifo, ni ugomvi wa maji yanayojaa mwilini figo zisipoyatoa. Kikomo kinachotumika sana ni kutoa mililita 13 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa kwa saa. Kwa mtu wa kilo 60, saa 4 zinatoa lita 3 na ushee. Aliyekosa awamu moja kwa kukosa fedha akaja na lita 5 hazitatoka zote siku hiyo. Ukilazimisha, presha inashuka na misuli inakaza. Ndugu wanaona miguu bado imevimba, lawama inamwangukia muuguzi. Mpime mlangoni, andika kiasi kitakachotoka, mwonyeshe yeye na ndugu kabla ya kuunganisha, kisha daktari apange awamu ya ziada au muda mrefu zaidi.

Habari za deni zisitoke kinywani mwa anayechoma sindano. Inchaji amwite ofisa ustawi wa jamii mapema, bima inapokaribia kuisha, si asubuhi mgonjwa ameshakaa kitini.

Zamu zizunguke asubuhi, jioni, usiku, zisirudi kinyumenyume, na usiku usizidi mitatu mfululizo. Kuhusu zamu ya pili hospitali binafsi: kumwambia mtu aache ni rahisi kwa asiyemlipia ada za watoto. Ila isifuate zamu ya usiku, na kila wiki zibaki saa 24 kamili bila kazi. Mtu wa Mbagala aliyetoka usiku afike nyumbani, afunge pazia zito, alale kabla ya mengine.

Mgonjwa wa siku nyingi akifariki, kaeni dakika 10 kabla ya kukabidhiana zamu: nini kilitokea, nani alikuwa naye karibu zaidi, nani atazungumza na familia. Kutafuta mkosaji ni kikao kingine, siku nyingine.

Usingizi, hamu ya kula na furaha vikipotea kwa wiki 2 au zaidi, hiyo inaweza kuwa sonona. Likizo peke yake haitoshi. Muone daktari wa afya ya akili, ikibidi kwenye hospitali usiyofanyia kazi, na usijiandikie diazepamu, dawa ya kutuliza, kutoka kabati la wodi.